Kicheko cha Kashasha na Njia za Habari katika Buhaya

Siku ya Jumanne, tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya kati ya Kashasha, shule ya bweni ya misheni iliyo umbali wa maili 25 hivi kutoka mji wa Bukoba, walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Tanganyika wakati huo ilikuwa na majuma saba tu ya uhuru. Kicheko kilihama kutoka msichana hata msichana, kikapita katika madarasa na mabweni, na ilipofika tarehe 18 Machi wasichana 95 kati ya 159 waliokuwa wakisoma pale walikuwa wamekwisha kushikwa. Masomo hayakuwezekana tena. Shule ikafungwa, na wasichana wakarudishwa makwao.

Neno "kicheko" limeleta upotovu mwingi katika jambo hili. Watu wa mbali wanaposikia habari za Kashasha hudhani kwamba mtu mmoja alisema mzaha mzuri, na mzaha ule ukawachekesha watu miezi mingi. Hadithi hiyo imezagaa sana siku hizi katika mitandao ya kijamii, nayo husimuliwa kwa furaha, na kila asimuliaye huongeza kidogo. Walakini wenyeji hawakuona furaha yoyote. Kwa lugha yao ya Kihaya waliuita ugonjwa huo enwara yokusheka, yaani maradhi ya kucheka, au waliuita akajanja, ambalo ni jina la wazimu. Mgonjwa alicheka, akalia, akacheka tena. Hakutulia mahali pamoja, na aliposhikwa ili azuiwe, pengine alipigana. Baadhi yao walisema kwamba kuna vitu vinavyokwenda kichwani mwao, au kwamba wanafukuzwa na mtu. Hali hiyo iliweza kumshika mtu kwa saa chache, ama kwa siku nyingi hata kufikia 16, ikamwacha, kisha ikamrudia. Hakufa mtu. Lakini mzazi aliyemwona binti yake katika hali ile hakuwa na sababu ya kuchekea.

Linalostahili kuangaliwa na mwanafunzi wa historia ni safari ya maradhi hayo baada ya shule kufungwa. Siku kumi hivi baadaye yalizuka Nshamba, katika nchi iliyokuwa ya Ihangiro, ambayo leo ni wilaya ya Muleba. Nshamba ilikuwa nyumbani kwa baadhi ya wasichana wa Kashasha. Katika vijiji vile vyenye watu wapatao 10,000, watu 217 walishikwa kwa muda wa siku 34 za miezi ya Aprili na Mei, wengi wao wakiwa vijana na watoto wa shule. Mwezi Juni ilikuwa zamu ya Ramashenye, shule nyingine ya kati ya wasichana iliyo karibu na mji wa Bukoba, ambako wasichana 48 kati ya 154 walishikwa. Huko nako wasichana wa Kashasha walikuwa na makwao jirani. Ramashenye ilipofungwa, msichana mmoja alikwenda kwao katika kijiji kilichoandikwa na madaktari kwa jina la Kanyangereka, na watu wa nyumba yake wakaanza kucheka. Kutoka hapo hali ikaingia katika shule mbili za wavulana. Kashasha yenyewe ilifunguliwa tarehe 21 Mei. Wasichana wengine 57 wakashikwa, na kabla ya Juni kwisha ikafungwa mara ya pili.

Mtu akizichora safari hizo katika karatasi atapata ramani ya aina ya pekee. Haifuati upepo, wala mito, wala barabara za magari peke yake. Ni ramani ya nani ni dada wa nani, nani amelala kitanda kimoja na nani, na nani amerudi kwa mama yake. Aliyeshikwa aghalabu alikuwa amekaa siku chache zilizotangulia na mtu aliyekwisha kushikwa. Serikali na wenye shule walifunga ili kuzuia, nao walitenda jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelitenda. Lakini kwa kufunga waliwapeleka wasichana katika njia zile zile ambazo maradhi yalizihitaji.

Madaktari wawili, A. M. Rankin na P. J. Philip, walilichunguza jambo hili na kuliandikia makala iliyochapishwa mwaka 1963 katika jarida la udaktari la Afrika ya Kati. Damu ilipimwa. Chakula na maji yalifikiriwa, kwa kuwa sumu za mimea fulani huweza kuondoa akili za mtu. Hakikupatikana kitu. Walimu wa Kashasha, Wazungu wawili na Waafrika watatu, hawakushikwa hata mmoja, ijapokuwa waliishi mahali pale pale. Wenyeji kwa upande wao walikuwa na maelezo yao. Wako waliosema kwamba hewa imeharibiwa na mabomu ya atomiki. Msomaji asiharakishe kuyadharau maneno hayo. Tarehe 30 Oktoba 1961, miezi mitatu kamili kabla ya siku ya kwanza ya Kashasha, Urusi ilikuwa imelipua bomu kubwa kuliko yote yaliyopata kulipuliwa duniani, na habari za hewa yenye sumu zilikuwa zikisemwa katika redio na magazeti ya nchi nyingi. Kwamba mkulima wa migomba na kahawa katika Ihangiro aliweza kuunganisha mlipuko wa nchi za baridi na kicheko cha binti yake ni ushahidi kwamba habari za ulimwengu zilikuwa zikimfikia, na kwamba alizitumia kufikiri. Alichokosa ni mtu wa kumjibu.

Njia hizo za habari hazikuanza mwaka 1962. Buhaya ni nchi ambamo nyumba haijitengi na nyumba. Kibanja hiki cha migomba hupakana na kile, na kijia hupita katikati ya majani hadi uani kwa jirani. Juu ya ujirani huo yaliongezwa mambo mengine. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, na Walutheri wakajenga zao katika karne iliyofuata. Kila misheni ilikuja na shule, na kila shule ilizaa watu wenye kuandikiana barua. Kahawa nayo ilileta fedha ya ada, na safari za kwenda Uganda na kurudi. Mwaka 1924 watu waliosoma, Klemens Kiiza akiwa miongoni mwao, waliunda chama cha Bahaya Union, kimojawapo cha vyama vya kwanza vya Waafrika vya namna hiyo katika Tanganyika. Mwaka 1937, serikali ya Kiingereza ilipotoa amri za kutunza mibuni ambazo wakulima waliziona kuwa ni udhalimu, upinzani ulienea haraka kiasi cha kuwashangaza watawala. Hapakuwa na simu katika vijiji. Palikuwa na masoko, misa za Jumapili, misiba, na wakwe.

Jambo kama hilo lilirudi mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati maofisa walipoingia katika vibanja kwa ajili ya kampeni ya kupambana na wadudu wa migomba. Kwa Mhaya, mgomba ni chakula, ni pombe, ni mahari, na ni kaburi la baba yake. Ali Migeyo, ambaye maisha yake yaliandikwa na G. R. Mutahaba katika kitabu kidogo kilichotoka mwaka 1969, alikuwa miongoni mwa waliosimama kusema, na mkutano wa Kamachumu ulitawanywa kwa moshi wa kutoa machozi. Migeyo alifungwa gerezani. Watu waliotawanywa walikwenda wapi? Walikwenda nyumbani, kila mmoja kijijini kwake, na huko wakasimulia. Chama cha TANU kilipoingia katika nchi ile hakikukuta masikio mageni.

Tukio la Kamachumu na tukio la Kashasha hayafanani kwa sura. Huku ni wanaume watu wazima wanaojua wanalolitaka, nako ni wasichana wa miaka 12 hadi 18 ambao hawakutaka lililowapata. Lakini yamehusiana kwa njia ambayo wataalamu wa baadaye wameikaribia. Christian Hempelmann, aliyeyarudia maandishi yote ya kisa hiki mwaka 2007, alionyesha kwamba kicheko kilikuwa dalili moja tu kati ya nyingi, na kwamba hapakuwa na uchekeshaji wowote. Robert Bartholomew, aliyeandika sana juu ya maradhi yanayoshika makundi bila kijidudu wala sumu, ameeleza kwamba hali hizo hupenda mahali penye shida ya muda mrefu na watu wasio na uwezo wa kuikwepa au kuisema. Shule ya bweni ya wakati ule ilikuwa mahali pa namna hiyo. Msichana ametolewa nyumbani; amewekewa kengele ya kuamka na kengele ya kulala; anafundishwa na watu ambao desturi zao si za mama yake, huku mama yake akimtazamia arudi na desturi zake zote. Nchi yake imepata uhuru jana, na watu wazima wote wanamwambia kwamba taifa linamngojea. Ikiwa ana hofu, atamwambia nani? Katika taarifa ya madaktari tunajua umri wao, idadi yao, na siku za maradhi yao. Maneno yao wenyewe yamebaki machache sana: vitu vinakwenda kichwani, mtu ananifukuza. Hayo ndiyo matamshi yao juu ya shule na juu ya zama zao, nayo yaliandikwa katika orodha ya dalili.

Haikuwa ajabu, basi, kwamba Nicholas Christakis na James Fowler, wataalamu wawili wa Marekani, walipochapisha mwaka 2009 kitabu chao juu ya nguvu za mitandao ya watu, walikitia ndani yake kisa cha Bukoba. Wao hawakuwa na haja ya kompyuta ili kueleza mtandao ni nini. Mtandao, kwa maana yao, ni watu na vifungo vyao, na kitu hupita kutoka kwa rafiki hata kwa rafiki wa rafiki, kiwe ni furaha, ni unene, ni tabia ya kuvuta sigara, au ni kicheko cha kuumiza. Facebook ilikuwa na miaka mitano, na WhatsApp ilizaliwa mwaka ule ule wa kitabu. Vitu hivyo vilipofika Bukoba na Muleba katika mifuko ya watu, havikukuta ardhi tupu. Makundi ya WhatsApp yaliyoundwa yalikuwa makundi ya ukoo, ya kijiji, ya waliosoma pamoja, ya kwaya, na ya kuzikana. Yaani vile vijia vya migombani vilipewa waya.

Hata hivyo ni kosa kusema kwamba hakuna kilichobadilika. Kicheko cha 1962 kilihitaji mwili. Ilibidi msichana afike Nshamba kwa miguu au kwa gari, aonekane na kusikiwa, ndipo mwingine ashikwe. Na kwa hiyo kilitumia miezi kufika mahali ambapo leo habari hufika kabla chai haijapoa. Mwaka 2011, katika mji mdogo wa Le Roy, jimbo la New York, wasichana zaidi ya kumi wa shule ya sekondari walianza kutikisika na kutoa sauti bila kupenda, na wachunguzi walitaja picha za video zilizokuwa zikipita katika mitandao kuwa miongoni mwa zilizolisha hali ile. Miaka kumi baadaye, wakati wa ugonjwa wa korona, madaktari wa Ujerumani, Uingereza na Kanada walipokea vijana, wengi wao wasichana, wenye mitikisiko iliyofanana na ya watu wanaowatazama katika TikTok, watu ambao hawajapata kukutana nao hata siku moja. Kashasha ilikuwa na ukuta na lango. Shule ya zama hizi haina lango la namna hiyo, hata ikiwa imewakataza wanafunzi kuleta simu.

Wema wa njia hizi mpya nao umeonekana katika Bukoba kuliko mahali pengi. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa nyumba na shule na kuua watu, na Wahaya walioko Dar es Salaam na ng'ambo walijua hali ya ndugu zao kwa simu kabla magazeti hayajapiga chapa. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Watu 19 walikufa. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na nchi nzima iliwaona wavuvi hao wakivuta kamba, kwa kuwa watu waliosimama ufukoni walikuwa na simu. Taarifa za wakubwa zilikuja baadaye, na hesabu ya kwanza ya waliookoka ilibidi isahihishwe. Picha za ufukoni zilikuwa zimekwisha kuuliza swali ambalo lisingeulizwa hadharani kwa urahisi katika zama nyingine: kwa nini mvuvi na kasia lake amefika kabla ya chombo cha uokozi?

Katika habari za maradhi jambo ni gumu zaidi. Mwezi Machi 2023 watu walikufa katika kata za Maruku na Kanyangereko, wilaya ya Bukoba, kwa ugonjwa uliokuwa haujapewa jina. (Jina la Kanyangereko linalikaribia mno lile lililoandikwa na madaktari wa 1962, ingawa mtu mwangalifu hatajenga hoja juu ya herufi moja.) Tarehe 21 Machi serikali ilitangaza kwamba ni virusi vya Marburg. Wagonjwa walikuwa tisa, na waliokufa sita. Tarehe 2 Juni ugonjwa ulitangazwa kuwa umekwisha. Kilichouzuia ni kazi ya kuuliza: nani alimwuguza marehemu, nani alimwosha, nani alikaa naye? Watu zaidi ya 200 walifuatwa kwa majina yao na kuangaliwa. Ramani iliyotumika ni ile ile ya wasichana wa Kashasha, ramani ya vifungo vya watu, lakini mara hii ilichorwa na wenyewe, kwa vinywa vyao, kwa kuwa walikuwa wameambiwa kuna nini na wakaamini.

Mwaka 2025 mambo hayakuanza hivyo. Tarehe 14 Januari Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya watu waliodhaniwa kufa kwa Marburg katika Kagera, na siku iliyofuata wizara ikasema kwamba vipimo havikuonyesha ugonjwa huo. Tarehe 20 Januari Rais alitangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitishwa, katika wilaya ya Biharamulo. Wote kumi waliohesabiwa mwishoni walikufa. Siku zile sita si nyingi katika hesabu ya serikali. Katika makundi ya simu ya Muleba na Bukoba siku sita ni muda mrefu sana, na mahali ambapo jibu halipo, kila mtu huweka la kwake, kama yule mkulima na bomu lake la atomiki.

Kwa upande wa uhuru wa kusema, Tanzania imechagua mara nyingi dawa ya Machi 1962. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015. Kanuni za mwaka 2018 ziliwataka wenye kurasa za habari na mijadala katika intaneti kukata leseni kwa ada ambayo kijana wa kawaida wa Bukoba asingeweza kuilipa. Wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020 Twitter ilizuiwa. Mei 2025 ilizuiwa tena, ikiwa na jina jipya la X. Septemba mwaka huo JamiiForums ilisimamishwa kwa siku 90. Na tarehe 29 Oktoba, siku ya kupiga kura, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Wanaotetea hatua hizo hutaja uwongo, matusi na uchochezi, na si haki kusema kwamba mambo hayo hayapo. Uwongo upo, na umepata kuua watu katika nchi nyingi. Lakini katika historia ya Buhaya ni vigumu kupata tukio moja ambamo kufunga kulilimaliza lililofungiwa. Mkutano wa Kamachumu ulihamia katika vijiji. Kicheko kilihamia Nshamba. Hata intaneti ilipokatwa mwaka 2025, waliorudi kutoka mijini walibeba habari vinywani, na kwa kuwa haikuwezekana kuzilinganisha na nyingine, zilifika zikiwa zimekua.

Ipo tofauti kati ya kufunga na kufuatilia, nayo imefichwa na neno "kudhibiti" linalotumika kwa yote mawili. Aliyeambiwa mwaka 2023 akae nyumbani siku 21 alizuiwa pia. Tofauti ni kwamba alipewa sababu, alitembelewa kila siku, na aliulizwa anajisikiaje. Wasichana wa 1962 walipewa ruhusa ya kwenda nyumbani, ambayo kwa sura ni uhuru zaidi, na hakuna aliyewafuata kuwauliza hata walipokuwa wamekwisha kuwashika jamaa zao. Na shule ilipofunguliwa Mei, ilifunguliwa kwa saa zile zile na kengele ile ile.

Wenye umri wa miaka 12 siku ile ya Januari, ikiwa wako hai, wamekwisha kupita miaka 70, na wajukuu wao wako katika shule za bweni za Bukoba na Muleba. Wajukuu hao hawaruhusiwi simu muhula mzima. Likizo ikifika hupanda basi na kurudi Nshamba, Kamachumu, Muhutwe na Maruku, na usiku ule ule huziwasha simu zao, wakaanza kuambiana yote waliyoyanyamazia kwa miezi mitatu.